Kisima Kisichokuwa Ramanini

Kila alfajiri, kabla kengele ya shule haijalia, Nyamizi aliteremka kisimani na mtungi wa mama yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alisoma darasa la nne, na shingo yake ilikwisha kuzoea uzito. Alipita kando ya ua wa minyaa, akavuka njia ya ng'ombe, akafika kwenye mto wa mchanga ambao huwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Nyuma yake alikuja Mageni, mdogo wake wa miaka minne, akiwa amebeba kibuyu kidogo kama ngumi ya mtu mzima. Nusu ya maji ya Mageni ilimwagika njiani, lakini ole wake ambaye angemwambia abaki nyumbani.

Maji ya kisima kile yalikuwa matamu. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na mambo mengi ya kujivunia, na hilo lilikuwa la kwanza. Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa reli katika mji mdogo wa Busaliga, kusini ya Shinyanga, kwenye njia ya kwenda Isaka. Upande wa stesheni kulikuwa na maduka, kinu cha pamba, mahakama na bomba moja la maji yenye chumvi. Upande wa Ng'ambo kulikuwa na nyumba arobaini za udongo, ng'ombe, na kisima.

Mwaka huo, 1954, barua ya serikali ilisomwa mbele ya mahakama. Ilisema kwamba ramani ya mji ilichorwa kabla ya vita, wakati Busaliga ilipokuwa stesheni na maduka matatu tu. Sasa pamba imeleta watu, na mji unakua ovyo. Kwa hiyo itachorwa ramani mpya ya kuuongoza mji kwa miaka ishirini ijayo: soko liwe wapi, shule iwe wapi, machinjio yawe wapi. Kila mwenye nyumba aliombwa aseme anachota maji wapi, anazika wapi na anapitisha ng'ombe wapi, ili ramani isije ikamdhulumu.

Yalikuwa maneno mazuri. Shida ni kwamba watu wa Ng'ambo walikwisha kuyasikia maneno mazuri kabla ya hapo.

Bujiku, mwanangwa wao, aliwakusanya jioni ile ile. Mwanangwa ndiye kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, na Bujiku alikuwa mtu wa meno machache na maneno mengi.

"Walikuja wakahesabu nyumba," alisema, "ikafuata kodi. Wakaja wakahesabu ng'ombe, ikafuata amri ya kuuza mmoja katika kila kumi. Ngassa, wewe uliuza wangapi?"

"Watatu," alijibu Ngassa, baba yake Nyamizi. Alisema kwa sauti ndogo, maana mmoja wao alikuwa ng'ombe wa maziwa.

"Sasa wanataka kuhesabu maji. Mnadhani safari hii watachukua nini? Kinachohesabiwa hutwaliwa, jamani. Tukifunike kisima."

Hakuna aliyebisha. Hofu yao haikuwa ya kijinga, na msomaji asiwacheke. Ng'ombe walikuwa wameondoka kweli, tena mchana kweupe. Basi wanaume wakakata miiba na matawi ya minyaa, wakazungushia kisima ua mdogo, wakamwaga samadi mlangoni ili paonekane zizi la ndama. Wanawake waliambiwa wachote maji mapema sana, wafute nyayo zao kwa tawi. Na kila mtu akapewa jibu moja la kumeza: tunachota bomba la stesheni.

Siku ya tatu alikuja karani wa ramani. Jina lake Valerian, kijana mrefu kutoka pwani asiyejua Kisukuma, mwenye daftari kubwa na viatu vilivyojaa vumbi. Vijana wawili walimfuata na mnyororo wa kupimia. Watu wazima wa Ng'ambo, ambao siku zote walijua Kiswahili cha kutosha kubishana na wenye maduka, siku hiyo walikisahau chote. Walimjibu kwa Kisukuma tu, tena kifupi. Ndipo Valerian akamwona Nyamizi na sare yake ya shule.

"Shikamoo," alisema Nyamizi.

"Marahaba, binti. Wewe utanisaidia. Hapa mnachota maji wapi?"

Ngassa alikuwa amesimama nyuma ya karani, mikono kifuani. Nyamizi alimtazama baba yake, kisha akatazama chini.

"Bomba la stesheni."

"Nyote?"

"Nyote. Yaani, sote."

"Na kisima hakuna?"

"Hakuna."

"Lile nini kule mtoni?"

"Zizi la ndama."

Valerian aliandika. Wakati huo huo Mama Nyamizi alitoka ndani na kata ya maji, kwa sababu kwa Wasukuma mgeni hakai juani bila kupewa maji, hata awe mgeni asiyetakiwa. Mama hakuwaza. Mkono wake ulifanya kama ulivyozoea. Karani akanywa, akaitazama kata.

"Maji ya bombani yana chumvi," alisema polepole. "Haya ni matamu."

Mageni, ambaye hakuelewa neno hata moja, alicheka tu na kumwonyesha mgeni kibuyu chake.

"Binti, una jambo lolote la kuniambia?" Valerian aliuliza.

Nyamizi alitaka kusema. Lakini baba alikuwa pale pale, na mtoto wa Kisukuma hamvui baba yake nguo mbele ya mgeni.

"Hapana," alisema.

Karani alisubiri kidogo, akafunga daftari, akaenda zake. Jioni ile Bujiku alimpiga Nyamizi begani kwa furaha na kumwita shujaa. Nyamizi hakuona ushujaa wowote, aliona aibu.

Baada ya miezi miwili ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa mahakama. Tangazo lilisema itakaa pale mpaka mwisho wa masika, na mwenye neno aje aseme kabla haijapelekwa Dar es Salaam kutiwa sahihi. Bujiku aliwakataza watu wasiende. "Atakayekwenda kutazama ataulizwa," alisema. Lakini njia ya shule ilipita mahakamani, na Nyamizi alijua kusoma.

Alitafuta nyumbani kwao. Aliona reli, aliona stesheni, aliona kinu cha pamba. Ng'ambo, nyumba zilikuwa vinukta vichache, na pale mtoni palikuwa peupe. Paliandikwa: *Uwanja mtupu. Hakuna maji.* Kidogo juu ya hapo, kwenye mteremko unaoshuka moja kwa moja mtoni, palichorwa mraba mwekundu wenye neno *Machinjio*.

Alirudi nyumbani mbio.

"Baba, ramani imeweka machinjio juu ya kisima chetu! Damu yote itateremka kwetu."

Ngassa alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Ukienda kuwaambia, utasema nini? Kwamba ulimdanganya mtu wa serikali?"

"Nitasema..."

"Utasema baba yako ndiye aliyekutuma. Nao watanifunga. Nyamaza, Nyamizi. Mungu atasaidia."

Nyamizi alinyamaza. Siku zilizofuata alipita mahakamani macho yakiwa chini, asiuone ule mraba mwekundu.

Machinjio hayakungoja sahihi. Ya zamani yalikuwa katikati ya soko na yalinuka, kwa hiyo mapya yalijengwa kiangazi kile kile, na kando yake likachimbwa shimo la damu na mavi ya matumbo. Aliyeamuru shimo lile hakuwa na ubaya na mtu. Alitazama karatasi, akaona uwanja mtupu usio na maji wala mnywaji, akasema chimbeni hapo.

Watu wa Ng'ambo waliwaona wachimbaji. Walikaa vibarazani mwao wakanong'ona. Kila mmoja alingoja mwenzake aende kusema, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutokwenda.

Kisha mvua ikaanza. Ilinyesha siku nne mfululizo, shimo likafurika, na maji mekundu yakateremka mteremko na kuingia katika mchanga wa mto. Kisimani maji hayakubadilika rangi sana, yakawa na ukungu kidogo tu. Watu walisema ni tope la masika.

Juma lililofuata watoto wawili wa jirani walianza kuhara damu. Siku ya Jumapili ilikuwa zamu ya Mageni.

Dresa Ignas, mganga wa zahanati ya mji, alivuka reli na mkoba wake. Alikuwa mzee mpole aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya wamisionari ya Kolandoto, na jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa lile lile.

"Watoto hawa wanakunywa maji ya wapi?"

Bujiku alikuwapo. Alijibu kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Bomba la stesheni."

Nyamizi alikuwa ameketi karibu na kitanda cha kamba alipolazwa mdogo wake. Alimsikia Bujiku. Alimwona dresa akitikisa kichwa na kuandika. Alifungua kinywa, akakutana na macho ya baba yake, akakifunga tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kunyamaza, na ndiyo ambayo hakujisamehe kwa miaka mingi.

Dresa akaenda kulifunga bomba. Akalichunguza, akatia dawa ndani ya tangi, akawaambia watu wa stesheni wachemshe maji yao. Upande wa stesheni hakuna aliyekuwa mgonjwa. Mzee yule alikuna kichwa, akatoa dawa aliyokuwa nayo, akaahidi kurudi.

Siku zile mbili Mageni aliita maji tu. "Minzi, mayu. Minzi," alisema, yaani maji, mama, maji. Nyamizi ndiye aliyempa. Kwa sababu alimpenda, hakumpa maji yaliyolala mtungini. Alikimbia kisimani kumchotea mapya, kwa kile kibuyu chake mwenyewe, akamshika kichwa na kumnywesha polepole, tone moja lisimwagike. Mageni alikunywa yote.

Alikufa Jumatano, jua likiwa utosini. Watoto wengine wawili walikuwa wamelala nyumba za jirani, macho yamedidimia.

Walimzika alasiri ile karibu na ua wa minyaa. Wakati wanawake bado wanalia, Nyamizi alimsikia Bujiku akiwaambia wanaume kwamba kuna mtu ameloga mtaa, na kwamba atafutwe. Jina la mwanamke mmoja mjane lilianza kutajwatajwa. Hapo Nyamizi alisimama.

"Hakuna aliyeloga. Ni kisima."

"Nyamaza, mtoto," alisema Bujiku.

"Nimenyamaza mara tatu, Babu. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa karibu na kichwa cha Mageni."

Aligeuka akaanza kutembea kuelekea relini. Ngassa alipiga hatua kumzuia. Ndipo Mama Nyamizi alipomshika mumewe mkono.

"Mwache apite, Baba Nyamizi. Wakitaka kukufunga, wakufunge. Mimi nimekwisha kufungwa." Kisha akajifunga kanga yake na kumfuata mwanawe.

Walimkuta Dresa Ignas zahanatini. Nyamizi alimwambia yote: zizi lisilo na ndama, matawi ya kufutia nyayo, bomba ambalo hawakuwahi kulitegemea. Mzee hakumkaripia. Alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Kuna wagonjwa wangapi sasa hivi?"

"Wawili. Labda watatu."

Kabla jua halijazama lori la pamba lilikuwa Ng'ambo, na watoto watatu walipakiwa pamoja na mama zao kwenda Kolandoto. Dresa mwenyewe alifumua ule ua wa miiba kwa mikono yake, akakitazama kisima, akanusa, akaamuru kifungwe. Shughuli za machinjio zilisimamishwa kesho yake. Watoto wale watatu walipona, ingawa mmoja alikaa hospitali mwezi mzima.

Ngassa hakufungwa. Wala hakuna aliyefungwa. Lile walilokuwa wakiliogopa halikutokea, na lile ambalo hawakuliogopa lilikuwa limekwisha kutokea.

Mwisho wa masika Valerian alirudi. Safari hii baraza lilifanyika katika ghala la pamba, kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyesha, na ramani ilitandazwa juu ya marobota. Watu wote wa Ng'ambo walikuja. Karani hakuanza kwa kusoma barua ya serikali.

"Nina neno la kusema kwanza," alisema. "Siku ile niliyaonja maji yenu. Nilijua si ya bombani. Lakini nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, nikaandika nilichoambiwa badala ya nilichokijua. Nilipaswa kuteremka mtoni nitazame. Nawaomba radhi, hasa mama huyu."

Bujiku akainuka. Alikuwa amekonda. Akaenda mpaka kwenye ramani na kuweka kidole pale peupe.

"Kisima kiko hapa," alisema. "Mimi ndiye niliyeagiza kifunikwe. Na kwa dresa, mimi ndiye niliyejibu."

Valerian akachora. Mmoja mmoja, watu wakaanza kusogea: makaburi haya, njia ya ng'ombe ile, bwawa la kiangazi, nyumba ya mjane ambaye hakuwahi kuhesabiwa. Karani aliandika mpaka penseli ikawa fupi. Ule mraba mwekundu aliufuta, na machinjio yakahamishiwa chini kabisa, nyuma ya kinu, ambako maji yake hayawezi kurudi kwa mtu. Kisima kipya chenye mfuniko kilipangwa kuchimbwa juu ya mteremko, na ndicho kilichochimbwa kabla ya kitu kingine chochote. Ulipoingia usiku wa baraza lile, hakuna mtu wa Ng'ambo aliyekuwa hajaisogelea karatasi.

Ngassa ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alionyesha mahali karibu na ua wa minyaa.

"Hapa pana kaburi dogo. Liandike."

"Makaburi ya nyumbani hayaonyeshwi kwenye ramani ya mji, Baba Nyamizi," alisema Valerian kwa upole.

"Liandike."

Valerian akaweka alama.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Ngassa alitembea kando ya binti yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

"Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Nimeisikia methali hiyo tangu utoto, nikadhani inawahusu watu wengine. Sikiliza, mwanangu. Hofu yetu haikuwa ya uongo. Ng'ombe walichukuliwa kweli, na kesho wanaweza kuja na jingine. Wakija, tusimame tuseme hapana, mchana, kwa majina yetu. Lakini tusijifiche tena. Sisi tulisema hatupo, nao wakatuamini. Wakajenga kana kwamba hapa hapana mtoto." Alifuta uso. "Na ulipotaka kusema kweli, mimi ndiye niliyekuziba kinywa. Ukiwa mkubwa, ukaijua kweli inayohusu uhai wa mtu mwingine, iseme, hata kama baba yako amesimama nyuma yako mikono kifuani."

"Ndiyo, Baba," alisema Nyamizi.

Kisima kipya kilipofunguliwa, maji yake yalikuwa mazuri, ingawa wazee walidai hayafikii utamu wa yale ya zamani. Nyamizi aliendelea kuchota kila alfajiri. Njia ilikuwa fupi kuliko ile ya mtoni, na shule ilikuwa inamngoja, lakini kwa muda mrefu watu walimwona akipanda polepole na mtungi wake, akisimama kila hatua chache, kama mtu anayemsubiri mwenye kibuyu kidogo amfikie.